Masheikh wetu wa Mwanza, ada za ziwani mzitolee hukumu

Ndugu Mhariri, Assalaam alaykum, na salamu pia kwa wasomaji wote wa Kanda ya Ziwa wa dini zote maana hili jambo ni letu sote.

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee kitu kinachonikera muda mrefu sasa. Huku kwetu mwaloni ukimwambia mtu aache kuvua na timba au kokoro, wavu wa kukokota mpaka ufukweni, anakujibu haraka "haya ndo mazoea yetu, babu zetu walivua hivi hivi". Alafu ukiingia msikitini unakuta kijana katoka kusoma, anasimama baada ya swala anasema mila zote za wazee ni shirki, mti ule mnaouogopa ukatwe, wazee wasisikilizwe. Yani mmoja kila mazoea kwake ni haki, mwingine kila mila kwake ni haramu, na Ziwa Victoria lipo katikati yao linaumia. Mimi naona wote wawili wameiacha sheria ya Kiislamu pembeni, kwa sababu fiqhi, yani elimu ya hiyo sheria, ina mlango mzima wa kuchambua ada, ipi ifuatwe na ipi itupwe, na huo mlango huku Mwanza sijasikia ukifunguliwa kwa ajili ya maji na samaki, tunaufunguaga kwenye mahari na mirathi tu.

Nianze na hilo la mababu. Timba ni wavu wa nailoni wa uzi mmoja, ukiwa majini samaki hauoni, na ukikatika ukabaki chini unaendelea kunasa na kuua muda mrefu sana maana hauozi. Babu gani alikuwa na nailoni? Wazee walivua na migono na ndoano na nyavu za kusuka kwa mkono. Kitu kilichokuja juzi na biashara hakiwezi kuitwa ada ya wazee. Juzi kati nimeona karai la sangara wadogo, urefu wa kiganja cha mkono, wamefunikwa juu na majani ya magugu maji ili mtu akipita asijue kuna nini, wakati sheria inasema sangara chini ya sentimita 50 asivuliwe. Muuzaji namheshimu, ni mama wa swala tano, nikamuuliza akaniambia "mwanangu kila mtu anauza, mimi nikiacha watoto watakula nini". Simlaumu kwa njaa ya watoto wake, Mungu amfanyie wepesi. Lakini hilo neno kila mtu anauza ndo hasa la kuangaliwa kisheria, maana kwenye fiqhi kitu kuenea kwa watu ni sharti mojawapo tu la ada, sio sharti pekee.

Kaida kubwa za fiqhi ni tano, wanafunzi wa madrasa za juu wanazihifadhi: mambo ni kwa nia, yakini haiondolewi na shaka, uzito huleta wepesi, madhara yaondolewe, na ada ni hakimu, al-aadatu muhakkamah. Imam Suyuti ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 1505, kazichambua moja moja na mifano yake. Waturuki wa dola ya Uthmaniya nao walipoandika Majalla, kitabu chao cha sheria, kati ya 1869 na 1876 waliiweka ada ni hakimu kuwa kifungu cha 36, na kifungu cha 19 ni hadithi ya Mtume (s.a.w) kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Ada ili ihukumu lazima iwe imeenea na inafuatwa kweli, isigongane na andiko la Qur'ani au hadithi, na watu wasiwe wamekubaliana kinyume chake. Ikigongana na andiko inaitwa urfu fasidi, yani ada mbovu, haina nguvu hata ikifanywa na mji mzima.

Na msidhani hii ni elimu ya vitabuni tu. Hapa mwaloni tunaitumia kila siku bila kuijua jina. Tajiri mwenye mtumbwi na wavuvi wake wengi hawaandikiani mkataba, wanaingia majini kwa mdomo tu, wakirudi wakagombana kwenye mgao baada ya kutoa hela ya mafuta, wanaenda kwa mzee wa mwalo, na swali lake la kwanza ni lile lile, "hapa kwetu huwa tunagawanaga vipi?" Jibu la hilo swali ndo hukumu. Sheikh yeyote mwenye elimu akiitwa atauliza hivyo hivyo. Sasa kama ada inaweza kuamua nani apate hela ngapi, kwanini isiamue wapi wavu usitupwe?

Nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndo kubwa. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na desturi inaitwa hima, yani sehemu ya malisho inazuiwa watu wengine wasichunge. Ilikuwa desturi ya wakubwa. Inasimuliwa kuna mkubwa mmoja anaitwa Kulayb alikuwa anachukua mbwa wake, pale sauti ya mbwa inapofika ndo mwisho wa hima yake, na wanyonge wanabaki na mawe. Mtume alipokuja hakusema hima ni ujahiliya iondoke yote. Alisema hakuna hima isipokuwa ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, ipo kwa Bukhari, na yeye mwenyewe akaweka hima pale Naqii kwa ajili ya farasi wa jeshi. Aliondoa dhuluma, akaacha hifadhi. Umar bin Khattab, khalifa wa pili, akaendeleza, na alipomweka mtu wake anaitwa Hunayy kuangalia hima alimuusia amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, alafu akamwambia ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, maana hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini yule mnyonge vyake vikifa atakuja na watoto wake anamlilia amiri wa waumini. Hao aliowataja ni maswahaba wakubwa kabisa, wameahidiwa pepo! Na bado kwenye hifadhi mnyonge akatangulizwa.

Sasa sisi huku Usukumani tuna ngitili. Nani asiyejua ngitili, unafunga eneo mvua zikianza, ng'ombe hawaingii, nyasi na miti inakua, kiangazi kikikaza ndo unafungua. Shinyanga miti ilikuwa imeisha kabisa, mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofanya kazi kwa kiasi kikubwa ni kurudi kwenye hiyo hiyo ngitili ya wazee pamoja na sungusungu, yani walinzi wa jadi, na dagashida, mikutano ya jadi ya Wasukuma, kuwatoza faini waliochungia au kukata miti. Maelfu kwa maelfu ya hekta zilirudi, ukipita leo unaona. Mimi nikisoma habari ya hima naona ngitili, na nikiona ngitili naona hima. Kwahiyo kijana anayesema mila za Wasukuma ni za kikafiri zote, nitamuuliza ngitili ina shirki gani? Hiyo ni urfu sahihi, yani ada njema, na ada sahihi ni hakimu. Na upande wa pili pia tusijidanganye, siku hizi ngitili nyingi zimekuwa za watu binafsi wenye ng'ombe wengi na maskini anabaki nje, hapo wosia wa Umar kwa Hunayy unawahusu wenye ngitili moja kwa moja.

Na ile miti. Kuna mikuyu mikubwa kwenye chemchemi, na kuna vichaka na mawe kando ya ziwa ambavyo wazee walikataza kukata wala kuchoma moto, na wengine walikuwa wanapeleka tambiko. Tambiko hatuna mjadala, Muislamu haombi mti wala jiwe wala jini la ziwani, na wavuvi wetu wanaorusha vitu majini kabla ya safari ili wapate samaki waache, hiyo ni shirki wazi. Lakini kukataza kukata mti wa chemchemi ni jambo lingine. Ondoa tambiko, acha mti. Ndivyo Mtume alivyofanya kwenye hima. Nimeona sehemu mkuyu umekatwa kwa jazba ya dini, na baada ya misimu michache wanawake wanaenda mbali kuchota maji, na hakuna aliyerudi kuwaomba radhi. Aliyefundisha watu kukata akasahau hadithi kwamba Muislamu akipanda mti akala ndege au mtu au mnyama, kwake ni sadaka.

Kuna ada nyingine nzuri ya ziwani ambayo inakufa tukiwa tunaiangalia, mapumziko ya mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, tangu enzi za karabai, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, basi mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu, wanaenda kuona familia zao. Hakuna waziri aliyetunga hilo, ni ada, na katika hizo siku ziwa nalo linapumua. Saivi kuna taa za sola zenye mwanga mkali na kuna matajiri wanawasukuma vijana waingie tu. Nikiona hivyo nakumbuka Surat Al-A'raf kuanzia aya ya 163, wale watu wa mji wa kando ya bahari waliokatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki ndo wanakuja juu juu siku hiyo hiyo, siku nyingine hawaji, ukawa ni mtihani wakaufeli. Kila mtu anazijua habari za waliovua wakaadhibiwa. Lakini katika aya ya 164 kuna kundi la tatu, wao hawakuvua na hawakukataza, walikuwa wanawaambia wenzao "kwanini mnawaonya watu ambao Mungu atawaangamiza?" na wale waliokuwa wanaonya wakajibu, ili tuwe na udhuru mbele ya Mola wenu na huenda wakaogopa. Aya inayofuata inasema waliookolewa ni wale waliokuwa wakikataza maovu. Mimi naogopa sana misikiti yetu ya mwaloni tusijekuwa lile kundi la wanaouliza kwanini mnawaonya.

Kuhusu ufukwe wenyewe. Fiqhi ina kitu kinaitwa harimu, eneo linalozunguka kisima, mto au chemchemi ambalo halimilikiwi na mtu wala halijengwi kwa sababu maji yanalihitaji. Imepokelewa dhiraa 40 kuzunguka kisima cha kunyweshea mifugo, na wanazuoni wametofautiana vipimo, lakini kwa Shafii, ambaye ndo tunamfuata wengi Afrika Mashariki, kipimo kinarudi kwenye mahitaji na ada ya mahali. Maana yake kila mahali watu wanaweza kukaa wakapima wenyewe. Na sisi kipimo tunacho tayari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Watu wanaionaga ile mita 60 kama uonevu wa serikali tu, wanajenga usiku, wanalima mchicha mpaka kwenye matete, wanafyeka mafunjo. Hakuna aliyewaambia kwenye mimbari kwamba hii ni harimu, kwamba pale kwenye matete na mafunjo ndo samaki wengi wanazaa na vifaranga wanajificha, na kwamba mtu anayeichukua kachukua haki ya umma. Mtume amesema Waislamu ni washirika katika vitu vitatu, maji, malisho na moto. Na ziwa hili hata sio la Waislamu peke yao wala la Tanzania peke yake, sisi tuna kama nusu tu, nyingine ni ya Uganda na Kenya.

Kuhusu uchafu nitasema kwa uchungu maana ni aibu yetu. Mvua ikianza tu kunyesha mjini watu wanatoka na ndoo za taka wanamwaga kwenye mitaro, chupa, mifuko, pampasi, matumbo ya samaki, vyote vinashuka Mto Mirongo mpaka ziwani, ziwa lile lile ambalo maji yetu ya bomba yanavutwa, na tunatawadhia. Hadithi ipo kwa Abu Daud, ogopeni mambo matatu yanayoleta laana, kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, katikati ya njia, na kwenye kivuli. Kilichomo kwenye pampasi ni nini kama sio hicho hicho? Na sisi watu wa misikiti tuna sehemu yetu kubwa. Idd ya kuchinja inapita, jioni yake nenda kaangalie mitaro, utumbo na kinyesi cha ng'ombe na mbuzi wa ibada umetupwa humo unanuka siku kadhaa, majirani zetu Wakristo wanapita wameshika pua. Hiyo nayo imekuwa mazoea. Maulidi na harusi vivyo hivyo, sahani za kutupa na chupa za maji zinazagaa uwanja mzima mpaka upepo uzipeleke ziwani. Mnyama kachinjwa kwa bismillahi alafu mabaki yake yakawa madhara kwa watu, andiko limekataza madhara, kwahiyo ada hii haina pa kusimama.

Najua kuna watakaosema sheria ya Kiislamu Tanzania Bara haihusiki na samaki. Ni kweli, mahakama zetu zinaitumia kwenye mambo ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu, na huku Bara hatuna mahakama ya kadhi ya serikali kama Zanzibar. Siombi mtu ashtakiwe kwa fiqhi. Samaki wana Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake, na mnakumbuka mwaka 2018 nyavu haramu zilichomwa kwa wingi kweli kweli, watu walilia, na leo timba bado zipo. Askari hawezi kulala kwenye kila mwalo. Lakini Jumaa kila mwalo wenye msikiti watu wanakaa kimya wanamsikiliza mtu mmoja. Kule Pemba kuna kisiwa kinaitwa Misali, wavuvi wengi wanakitegemea na uvuvi wa kuharibu ulikuwa unafanyika, mwaka 1998 kikawekwa kuwa eneo la hifadhi, na baadae masheikh wakaingizwa kufundisha wavuvi kwa Qur'ani, mambo ya amana na ukhalifa wa binadamu duniani, na wapo wavuvi walioacha baruti kwa kuona ni kosa mbele ya Mungu, wakati makatazo ya serikali walikuwa wameyazoea. Na kama mtu anadhani watu hawawezi kuvumilia kufungiwa maji, Ziwa Tanganyika mwaka 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu, ilikuwa ngumu sana lakini ilifanyika. Huku kwetu hata sisemi ziwa zima, nasema ghuba moja moja, mazalia yanayojulikana, wavuvi wenyewe wanayajua kuliko mtaalamu yeyote.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Masheikh wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, mkoa wa Mwanza na wa taasisi nyingine, wa Ilemela, Nyamagana, Ukerewe, Sengerema, Magu, kaeni na wazee wa mialo na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, wasikilizeni kwanza, waulizeni ada zao zote, za mbalamwezi, za mazalia, za miti, za mgao. Zile zilizo sahihi mziandike na mseme wazi hizi ni ada zinazohukumu, Muislamu anayezivunja anadhulumu wenzake. Zile fasidi, timba, sumu, kokoro, vifaranga vya sangara, taka mitaroni, matambiko, mseme wazi ni batili hata kama mji mzima unafanya. Alafu serikali za vijiji ziombwe zile nzuri zitungiwe sheria ndogo, ili na asiye Muislamu ziwe zake. Na misikiti yenye viwanja vinavyogusa maji, ile sehemu ya mita 60 iwekwe wakfu iachwe na matete yake. Msimsahau yule mama wa karai, fungu la zaka na sadaka za matajiri wa mitumbwi lianze na watu kama yeye wakati mazalia yamefungwa, maana Umar asingemfukuza huyo, angewafukuza wenye nyavu ndefu.

Kwa upande wetu kamati ya msikiti tumeshakubaliana Idd ya kuchinja ijayo tunachimba shimo moja kubwa kwenye kiwanja cha muumini mmoja kilicho mbali na mtaro, na vijana watapita na toroli nyumba kwa nyumba kukusanya matumbo. Bado tuna swali hatujapata jibu, ngozi zinazobaki bila mnunuzi tuzizike nazo au kuna namna nyingine isiyo israfu. Sheikh au mtaalamu wa ngozi mwenye majibu naomba aandike hapa hapa gazetini kabla ya mfungo tatu, mwezi wa Idd hiyo, kuingia.

Wabillahi tawfiq.

Mwanakamati wa msikiti,
Kirumba, Mwanza